Sauti yake, jina la wengine: kisa cha Curt Boettcher

Septemba 1966, wimbo "Cherish" wa kundi la The Association ulipanda hadi namba moja kwenye chati ya Billboard nchini Marekani na kukaa hapo wiki tatu. Ni wimbo wa mapenzi, wa mwendo wa taratibu, na sauti za kiume zimepandana humo mpaka ni kazi kujua nani anaongoza na nani anaitikia. Aliyeutunga ni Terry Kirkman, mmoja wa wanakundi. Kwenye santuri lebo ya Valiant iliandika kwamba urefu wake ni dakika 3 kamili, ingawa ulizidi hapo kidogo, maana vituo vya redio vya wakati ule vilikuwa vikikwepa nyimbo ndefu. Prodyuza alikuwa kijana wa miaka 22, Curt Boettcher. Mwaka haujaisha, kundi likawa limeshatoa albamu nyingine chini ya mtu mwingine.

Kisa chake husimuliwa kwa namna ileile inayotumika kwa karibu kila msanii aliyesahaulika wa enzi ya saikedelia, ule muziki wa njozi wa miaka ya 1960: alizaliwa kabla ya wakati wake, dunia haikumwelewa, akafa, ndipo wakaanza kumlilia. Mimi simo. Boettcher mwaka 1966 alikuwa ndani ya wakati wake hasa, na redio za Marekani nzima zilimwelewa vizuri tu. Tatizo lilikuwa kwamba bidhaa aliyouza ilitoka na majina ya watu wengine, na alipokuja kupewa fedha za kutengeneza kitu chake mwenyewe, soko lilikuwa limeshahamia kwingine. Hayo mawili yanafuatilika hatua kwa hatua, bila kuhitaji bahati mbaya wala mkosi.

Alizaliwa 7 Januari 1944 huko Eau Claire, Wisconsin. Baba yake alikuwa mwanajeshi, na sehemu ya utoto wake ilipita Japani. Akiwa kijana Minneapolis alianzisha The GoldeBriars pamoja na Ron Neilson na ndugu wawili wa kike, Dotti na Sheri Holmberg. Ilikuwa enzi ya vikundi vya nyimbo za kiasili, magitaa makavu na mashati yaliyopigwa pasi, na kampuni ya Epic ikawatolea albamu mbili mwaka 1964. Hazikuuza. Lakini ukizisikiliza leo unamtambua mtu tayari: sauti za kike na za kiume zinapishana badala ya kutembea sambamba, na neno moja linagawiwa kwa watu wawili au watatu kabla halijaisha. Baadaye walimwongeza mpiga ngoma, Ron Edgar, kitu ambacho vikundi vya aina ile havikuwa nacho kwa kawaida. Kundi likavunjika, Boettcher akabaki Los Angeles, akaingia ubia na Steve Clark katika kampuni ndogo ya kuandaa muziki.

Hapo ndipo ulipotokea "Along Comes Mary". Wimbo unasomeka kwa jina la mtunzi Tandyn Almer peke yake. Boettcher alifanya kazi kwenye rekodi ya majaribio, na alidai daima kwamba mchango wake ulifika mpaka kwenye utunzi wenyewe. Almer hakukubali, na urafiki wao ukafia hapo. Wakati huohuo Jules Alexander wa The Association, aliyekuwepo kupiga gitaa kwenye majaribio yale, aliupenda wimbo akauomba kwa ajili ya kundi lake. Ulifika namba 7 majira ya joto ya 1966. Maneno yake yanakimbia kama mtu anayehesabu kwa pumzi moja, na nusu ya wasikilizaji waliamini huyo Mary ni bangi. Watoto wakacheka, wazazi wakanuna, santuri zikanunuliwa.

Kwa mwandishi wa hesabu, mambo yalikuwa hivi: wimbo wa kwanza, haki ya utunzi kwa Almer, wimbo wa pili, haki ya utunzi kwa Kirkman, jina la kwenye jalada, The Association. Boettcher alibaki na mstari mmoja wa maandishi madogo chini ya jina la wimbo. Msikilizaji wa Bongo Fleva amezoea kusikia prodyuza akijitaja kwa sauti sekunde za mwanzo kabisa, kabla hata msanii hajafungua mdomo. Mwaka 1966 jambo hilo lisingewezekana, na hakuna aliyeliwaza. Shabiki aliyenunua santuri dukani Chicago alijua sura za vijana sita waliovaa suti. Hakuwa na sababu ya kujua kwamba vyombo vingi kwenye albamu yao ya kwanza vilipigwa na wanamuziki wa kukodi wa studio, wala kwamba mpangilio wa sauti ulitoka kichwani mwa mtu wa saba ambaye hakuwa kwenye picha.

Vijana sita wenyewe walijua, na hilo liliwakera. Walikuwa waimbaji na wapiga vyombo. Walikuwa wametoka jasho kwenye vilabu vya Los Angeles kabla ya kumjua Boettcher. Kuambiwa simama hapa, imba hivi, gitaa lako litapigwa na fulani, si jambo tamu hata likikuletea namba moja. Albamu ya pili, "Renaissance", waliifanya na Jerry Yester, mdogo wa mmoja wao, na safari hii vyombo walipiga wenyewe. Haikutoa wimbo mkubwa. Wapenzi wa Boettcher huishia hapo wakitabasamu, kana kwamba kesi imefungwa.

Haijafungwa. Mwaka 1967 The Association walimchukua prodyuza Bones Howe, wakarudi kwa wanamuziki wa kukodi, na wakapata "Windy" iliyofika namba moja na "Never My Love" iliyofika namba 2. Sauti ni zilezile, zimepandana vilevile, na Boettcher hayupo hata jikoni. Kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko wote katika kisa hiki. Aliwafundisha watu namna ya kufanya, kisha wakafanya bila yeye, na wasikilizaji hawakuona tofauti ya kuwafanya waache kununua. Kwenye biashara ya muziki mpangilio wa sauti haukuwa na mwenyewe. Tuni ina mtunzi, maneno yana mtunzi, jina la kundi lina wenyewe. Lakini ile namna ya kuzipanga sauti tano zikasikika ishirini ilikuwa mali ya yeyote aliyekuwa na masikio.

Na masikio yalikuwepo. Gary Usher, aliyetunga "In My Room" pamoja na Brian Wilson wa The Beach Boys, alisimulia baadaye kwamba yeye na Wilson waliwahi kusikia studioni kazi ya Boettcher kwa ajili ya mwimbaji Lee Mallory, wimbo uitwao "That's the Way It's Gonna Be". Kwa simulizi ya Usher, Wilson alipigwa butwaa. Tukumbuke 1966 ndio mwaka wa "Pet Sounds", albamu ya The Beach Boys iliyotoka kichwani mwa Wilson, yaani anayepigwa butwaa ni mtu ambaye Amerika nzima ilimhesabu bingwa wa fani hiyo. Simulizi za studio huwa zinaongezwa chumvi, sawa, lakini wimbo wenyewe upo na unasikilizika: gitaa la kawaida, kisha sauti zinaingia kwa mawimbi kutoka pande zote mpaka unapoteza mahali ulipokuwa umesimama. Ulipendwa Seattle. Kwingineko ulipita kimya.

Boettcher alijaribu kuwa na kundi lake. The Ballroom lilikuwa na yeye, Sandy Salisbury, Michele O'Malley na Jim Bell, na lilirekodi nyimbo za kutosha albamu nzima. Warner Bros. ikatoa singo moja mwaka 1967, "Spinning, Spinning, Spinning", na upande wa pili bluzi ya zamani "Baby, Please Don't Go" waliyoivuruga na kuijenga upya mpaka inatisha. Albamu ikawekwa kabatini.

Wakati huo Usher alikuwa prodyuza wa kampuni ya rekodi ya Columbia, akisimamia kundi la The Byrds, na alikuwa ametengeneza kwa siri wimbo "My World Fell Down" chini ya jina la Sagittarius. Kundi lenyewe halikuwepo. Aliyeimba ni Glen Campbell, akisaidiwa na Bruce Johnston wa The Beach Boys, na ulipofika namba 70 Columbia ikataka albamu ya kundi ambalo halipo. Usher akamkumbuka yule kijana wa studioni. Akamleta Columbia, akazichukua baadhi ya nyimbo za The Ballroom zilizokuwa kabatini, wakaongeza nyingine, na "Present Tense" ikatoka 1968. Sehemu kubwa ya sauti unayoisikia humo ni Boettcher. Jina la jaladani ni Sagittarius, yaani nyota za Mshale. Safari hii hata watu wenye jina hawakuwepo, na bado hakulipata yeye.

Albamu ya pili ya mwaka huohuo ndiyo iliyomfanya akumbukwe, na ndiyo iliyomponza.

The Millennium lilikuwa kundi la watu saba: Boettcher, Lee Mallory, Sandy Salisbury, Michael Fennelly, Joey Stec, pamoja na Ron Edgar yule wa Minneapolis na Doug Rhodes, hawa wawili wakitokea kundi la The Music Machine. Keith Olsen, aliyekuwa mpiga besi wa The Music Machine, alikaa na Boettcher kwenye meza ya mitambo. Karibu wote walikuwa watunzi, na nyimbo ziligawanywa miongoni mwao. Boettcher hakuhodhi utunzi. Walirekodi "Begin" kwenye studio za Columbia Hollywood, na hapa inabidi tuingie kwenye mashine kidogo.

Mwanzoni mwa 1968 mashine nzuri ya kurekodi ilikuwa na njia 8. Maana yake tepu moja pana inabeba mistari minane ya sauti iliyo huru: ngoma kwenye mmoja, besi kwenye mwingine, na kadhalika. Ukishajaza minane na unataka kuongeza waitikiaji, inabidi uchanganye mistari kadhaa uibane kwenye mmoja, na kila ukibana unapoteza usafi na huwezi kurudi nyuma. Kwa mtu anayejenga sauti juu ya sauti kama Boettcher, njia 8 ni kujengea ghorofa kwenye kiwanja cha kibanda. Walichofanya ni kufunga mashine mbili za njia 8 ziendeshwe kwa pamoja, kupata 16. Kuziendesha pamoja maana yake zikimbie kwa mwendo uleule bila hata chembe ya tofauti, kwa sababu moja ikichelewa kidogo tu, waitikiaji wanaachana na mwimbaji, na wimbo unasikika kama watu wanaojibizana kutoka nyumba mbili. Kila kusimamisha tepu na kuanza upya ni kuzioanisha tena. "Begin" ni miongoni mwa albamu za mwanzo kabisa kutengenezwa kwa njia 16, na inasemekana iligharimu karibu dola 100,000, fedha ya kutisha kwa kundi ambalo halikuwa na wimbo hata mmoja redioni.

Fedha hizo zinasikika. Albamu inafunguka kwa "Prelude", kipande kifupi kisicho na maneno: kinanda cha nyuzi cha kizamani, kile cha enzi za Bach, kinadonoa juu ya ngoma nzito ambazo kijana wa leo angedhani zimekatwa na kurudiwa kwenye kompyuta. Kabla hujaizoea, inamwagikia ndani ya "To Claudia on Thursday" bila kusimama, na hapo zinaingia zile sauti. Si za kupiga kelele. Zinaimbwa kwa pumzi, karibu na mikrofoni, kila mmoja akiwa na njia yake, na utajiri unatokana na wingi, si nguvu. "5 A.M." ya Salisbury ni wimbo wa alfajiri unaoweza kuupiga saa yoyote usiudhi mtu. "It's You" ya Fennelly na Stec ndiyo yenye hasira kidogo, na ilitoka pia kama singo. Mwishoni mambo yanakuwa ya kisaikedelia kweli, na "Karmic Dream Sequence #1" inafanya kile jina lake linachotishia kufanya.

Nikiisikiliza albamu hii mfululizo huwa nashiba kabla haijaisha. Utamu umepakwa kila mahali kwa kiasi kilekile, na kuna nyimbo mbili tatu katikati ambazo zingefaidika kama kungekuwa na mtu mmoja chumbani wa kusema basi. Lakini hakukuwa na mtu huyo. Usher alimwamini, Olsen alikuwa na umri wake na hamu yake ileile ya kujaribu, na Columbia ilikuwa mbali ikisaini hundi.

Ilitoka Julai 1968 na haikuingia kwenye chati.

Kwa nini? Tuangalie kilichokuwa kikitokea kwenye jengo hilohilo. Juni 1967 mkuu wa Columbia, Clive Davis, alikwenda kwenye tamasha la Monterey, California. Kundi la kwanza kabisa kupanda jukwaani siku ya ufunguzi lilikuwa The Association, wamevaa suti, wakiimba zile nyimbo za Boettcher. Davis hakurudi kutoka Monterey akizungumzia suti. Alirudi akimzungumzia mwimbaji wa roki Janis Joplin. Agosti 1968, mwezi mmoja tu baada ya "Begin", Columbia ikatoa "Cheap Thrills" ya Joplin na Big Brother and the Holding Company: magitaa yanayokwaruza, sauti inayopasuka. Albamu hiyo ilikaa namba moja wiki nane. Weka albamu hizi mbili mkononi mwa meneja wa mauzo mwenye bajeti moja ya matangazo, halafu useme angeisukuma ipi.

Tena Joplin alikuwa akipanda jukwaani kila wiki. The Millennium halikuwa kundi la jukwaani. Watu saba wasingeweza kuimba mbele ya watu kile walichokirekodi kwa njia 16, na hawakuzunguka na albamu yao. Mwaka 1966 hilo lisingekuwa tatizo, kwani singo ya dakika tatu redioni ilitosha kumtajirisha mtu. Mwaka 1968 wanunuzi wa albamu walitaka kuona watu wakitoka jasho. Ndiyo maana nasema simulizi ya kuwahi kabla ya wakati imepinduliwa miguu juu. "Begin" ilichelewa. Ingetoka miaka miwili kabla, majira ya "Pet Sounds" na "Cherish", pengine tungekuwa tunaizungumzia kwa namna nyingine. Teknolojia yake ndiyo iliyokuwa ya kesho. Ladha yake ilikuwa ya jana kidogo.

Albamu ya pili ya The Millennium iliachwa njiani. Usher, Boettcher na Olsen wakaondoka kuanzisha lebo yao, Together Records, mwaka 1969. Ilitoa albamu ya pili ya Sagittarius, "The Blue Marble", na ikafanya jambo la maana kwa historia: "Preflyte", rekodi za The Byrds za kabla hawajajulikana. Haikudumu. Boettcher akapata nafasi ya albamu yenye jina lake mwenyewe jaladani, "There's an Innocent Face", iliyotolewa na Elektra 1973. Hatimaye jina, miaka saba baada ya namba moja. Ni albamu yenye gitaa zaidi na sauti chache, nzuri kuliko inavyosifiwa, na haikuuza. Iliyofuata hakuimaliza.

Mwaka 1979 akiwa na Bruce Johnston waliandaa toleo la disko la "Here Comes the Night", wimbo wa The Beach Boys wa mwaka 1967, wakaurefusha mpaka karibu dakika 11. Kundi lilipoupiga jukwaani New York lilizomewa. Kwa masikio yangu uandaaji wake hauna kasoro, na waitikiaji wamepangwa kwa ustadi uleule wa zamani. Hiyo haikumsaidia shabiki aliyekuwa amelipa kiingilio kusikia nyimbo za pwani. Baadaye aliandaa albamu ya Mike Love wa The Beach Boys, 1981, akiandika jina lake "Becher" kama linavyotamkwa. Alifariki Los Angeles 14 Juni 1987, akiwa na miaka 43.

Linganisha na waliokuwa naye chumbani. Fennelly alihamia kundi la Crabby Appleton na mwaka 1970 akapata wimbo redioni, "Go Back". Olsen, aliyejifunza kwenye zile mashine mbili zilizofungwa pamoja, ndiye aliyekuja kuandaa albamu ya Fleetwood Mac ya 1975, iliyofika namba moja, na akaendelea kupata kazi kubwa miaka mingi iliyofuata. Naye alikuwa fundi wa nyuma ya kioo asiye na jina jaladani. Tofauti ni kwamba Olsen alikubali kuwa nyuma ya kioo: alichukua kundi lenye watunzi wake na sura zake, akalifanya lisikike vizuri, akalipwa, akaenda kwa lingine. Boettcher alitaka pia kuimba, kutunga na kuongoza. The Association walimkimbia kwa sababu hiyo, na "Begin" ilipatikana kwa sababu hiyohiyo, kwa hiyo sijui kama ni kosa la kumlaumu nalo.

Miaka ya 1990 wakusanyaji wa Japani, waliokuwa wanapenda pop laini ya Marekani ya miaka ya 1960, waliitafuta "Begin" kwa udi na uvumba, na CD zikaanza kutolewa upya huko na Marekani. Mwaka 2001 lebo ya Sundazed ikatoa "Magic Time", CD tatu zenye The Ballroom, The Millennium na mabaki ya studio. Ile albamu iliyofungiwa kabatini na Warner ikasikika hatimaye, miaka 34 baadaye. Anayetaka kumjua Boettcher nisingemwanzishia "Begin", licha ya sifa zake zote. Aanze na Lee Mallory, "That's the Way It's Gonna Be", kisha arudi kwa "Along Comes Mary", na baada ya hapo ndipo aziendee zile njia 16.